Kibanio Kitupu Kwenye Kamba

Mama Neema, mwalimu wangu,

Ujumbe wa Neema ulinikuta uani, nguo mbichi mikononi. Alinitumia sauti yake kwenye simu, akasema mama amepumzika, kisha nikasikia analia. Niliketi palepale chini na shuka la maji mapajani. Binti yangu Aziza ndiye aliyekuja kuniondolea lile shuka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na habari ya kukupa. Mara ya mwisho tulipoongea uliniuliza, kama ulivyoniuliza miaka yote, "Esha, kile kibanio kimepata kitu?" Nikacheka, nikasema bado. Sasa kimepata, na wewe hupokei simu. Basi naandika, nikijua barua hii haina pa kupelekwa.

Unakumbuka ulivyonipata? Nilikuwa msichana wa Kibajuni aliyekimbia vita Kismayu pamoja na wazazi wake, tumepanga chumba nyuma ya nyumba yenu Mombasa, shule sina. Wewe ulikuwa umewatoa Neema na kaka yake darasani kwa sababu ya kifua cha Neema, ukawa unawafundisha mwenyewe sebuleni, kwa kile kitabu kizito cha historia ya dunia ulichopewa kanisani. Nilisimama mlangoni nikisikiliza habari za Firauni. Hukuniuliza mimi ni wa dini gani. Ulisema tu, "Ingia, unazuia mwanga."

Ulikuwa umefunga kamba ya nguo kutoka dirishani mpaka kabatini, na kila kibanio kimeshika karatasi yake: uumbaji, gharika ya Nuhu, Ibrahimu, Misri, Babeli, Uajemi, Roma. Kila somo lilianza kwa sala. Ninyi mliomba kwa jina la Yesu, mimi nikasoma bismillahi yangu kwa sauti ya chini, nawe ukanisubiri nimalize ndipo ukafungua ukurasa. Ukisoma habari ya dola kubwa iliyoanguka, ulikuwa unavua miwani na kusema, "Watoto, tazameni. Mungu alikuwepo hapa pia." Mwili wangu ulikuwa ukisisimka. Mpaka leo unasisimka, Mama Neema, na mimi ni mtu mzima mwenye mvi.

Tulipofika kwa Mtume wetu, kitabu kilikuwa na aya chache tu, tena kavu. Ukanipa chaki, ukaenda kuketi mkekani pamoja na wanao. Nikaeleza jinsi Waislamu wa mwanzo, walipoonewa Makka, walivyovuka bahari kukimbilia Habasha kwa mfalme Mkristo, naye akakataa kuwatoa kwa waliowafuata. Nilipogeuka nikakuona unafuta machozi. Nilidhani nimekosea mahali.

Na siku tulipomaliza kitabu, ukabana kibanio kitupu katikati ya kamba, baada ya Uchina na kabla ya Wareno. Ukasema, "Kitabu hiki hakiwajui watu wa kwenu, wala mimi siwajui. Hapa ni pao. Utapajaza wewe." Tuliporudi Kismayu ulinifungia kamba, vibanio na kitabu chenyewe kwenye leso yako ya kijani.

Sasa mimi ndiye mwalimu, hebu fikiria. Nafundisha uani, Aziza na binamu zake wawili, masomo ya sekondari. Tunaanza kwa Fatiha. Kitabu kinapoeleza Isa kwa imani yenu, nawaambia, "Wenzetu wanaamini hivi, sisi tunaamini hivi," wala sikidhihaki, maana wewe hukunidhihaki. Mama mkwe hana habari na mambo haya. Kwake kamba ni kamba. Juzi kaanika suruali ya mume wangu juu ya Roma, wasichana wakacheka mpaka somo likanishinda.

Lakini Aziza alikuwa ananiponyoka. Siku moja alitembea kando ya kamba yote, akasema, "Mama, hawa woche wachu wa mbali. Wachu wechu wawapi?" Nikamwonyesha kibanio kitupu. Sikuwa na kingine. Akasema kama watu wetu ni kibanio kitupu, yeye haoni cha kusoma. Akaacha kuja. Alikaa jikoni na simu yake, nami nafundisha binamu zake tu. Niliogopa, mwalimu. Niliona mtoto anakwenda zake, na kazi uliyoniachia imenishinda.

Kisha ikaja harusi kisiwani kwetu Chovai, kwa shangazi yangu. Asubuhi yake shangazi akatupeleka makaburini kuwazuru wazee, kama tufanyavyo kila tukirudi kisiwani. Katikati ya vichaka vya miba lipo kaburi la kale lenye nguzo ya mawe. Nguzo ina mashimo ya duara, yalipopachikwa mabakuli zamani. Yote yameng'oka, isipokuwa kipande kimoja kilichoshikwa na chokaa. Aziza akanyoosha mkono. Shangazi akamzuia, "Salimu kwanza. Hawa ni wachu, si mawe."

Aziza akarudi nyuma. Akawatolea salamu watu wa makaburini, taratibu, mpaka mwisho, ndipo akasogea.

Kipande ni cheupe, kina maua ya buluu. Nililijua ua lile kabla sijainama. Ni lile la ukurasa wa Uchina, la wale mafundi wanaochora mabakuli, picha ambayo Neema alikuwa haachi kuitazama! Mtu alilichora ua hilo huko, likavuka bahari yote ile, na mzee wetu akalipenda hata likawekwa juu ya kaburi lake. Na mimi nimepita pale tangu utotoni nikichuma matunda ya porini. Subhanallah ilinitoka kwa sauti, na papo hapo nikakusikia: Mungu alikuwepo hapa pia.

Ndani ya boti Aziza akasogea karibu nami. Akaniuliza kama karatasi ya Uchina bado ipo kambani.

Hatukuchukua kitu. Nyumbani akaichora nguzo na mabakuli yake yote, hata yaliyong'oka, akaibana kwenye kibanio chako. Halafu akaketi mkekani akangoja somo. Nilikupigia siku hiyohiyo. Neema akasema umelala, huwezi kuongea.

Sijui ninaruhusiwa kukuombea kwa maneno gani. Masheikh wana kauli yao juu ya kuwaombea marehemu wa dini nyingine, nami sibishani nao. Nakuacha mikononi mwa yule uliyenionyesha katika kila ukurasa, hata kurasa zile za damu.

Jana nimekuta kibanio kipya, kitupu, mwishoni mwa kamba. Nikamuuliza Aziza ni cha nani. Akasema ni cha Mama Neema, ila yeye hakujui, kwa hiyo nitakijaza mimi.

Nitakijaza, mwalimu. Naahidi. Na wasichana hawa nitawafikisha ukurasa wa mwisho, wote watatu. Kwaheri, mama yangu wa pili. Karatasi nimeshaikata, na najua itakavyoanza: kulikuwa na mtoto mlangoni, anazuia mwanga, akaambiwa aingie.

Mwanafunzi wako,
Mwanaesha