Mbegu Juu ya Jiko la Gesi

Kijijini Ukata, Jumatano

Unga mweupe tena kwenye sufuria ya maharage. Jana nilidhani ni vumbi. Leo nimepanda kwenye kigoda, nikashusha mahindi ya mbegu niliyoyaning'iniza darini, nikamenya moja. Fukusi watupu.

Miaka yote moshi wa kuni ndio uliowafukuza. Tangu binti yetu atuletee jiko la gesi nimefurahia macho yangu kutowasha, basi. Sikufikiria kwamba kila nilipopika ugali nilikuwa natunza na mbegu.

Kilichoniudhi si fukusi. Kila msimu mume wangu huwaambia majirani, "Mbegu zangu hazijui mdudu." Leo nimemwonyesha, akageuza hindi mkononi, akaniuliza taratibu, "Sasa mbegu zako utazifanyaje?"

Zimekuwa zangu leo, baada ya kuliwa.

Nimekaa mchana kutwa nachambua. Zilizo nzima hazitatosha ngoro zote, mashimo yetu ya kulimia kule mteremkoni, na mawingu yameshaanza kukaa juu ya milima. Nitamwomba shemeji mbegu kidogo, ingawa huko nako huenda fukusi wameshaingia.

Gesi siiachi. Chai na mboga nitapikia hapo hapo. Ila kesho moto wa kuni utawaka chini ya mahindi yaliyobaki, hata kama hakuna sufuria juu yake.

Nimemwambia mume wangu kuni akakate yeye. Za kupikia nilikuwa nakata mimi. Hizi ni za mbegu za shamba.