Nimepaka breki mafuta

Mwenzangu, umeamka?

Alfajiri nilisikia tik, tik jikoni. Mjukuu wangu alikuwa anakaza skrubu za mwisho za ile baiskeli ya metali nyepesi ya titani anayoiunda, ya kupita lami, changarawe hadi vijia vya porini.

Breki zikawa zinalia. Alipoingia kuoga, nikakipaka mafuta ya kupikia kile kisahani kinachobanwa na breki. Nilidhani namsaidia!

Kumbe breki haitaki mafuta.

Alipotoka akaipanda, akashika mteremko. "Bibi, hazishiki! Hazishiki!" Nikamkimbilia nikipiga kelele.

Akajitupa kwenye rundo la mchanga la jirani mwashi. Kiwiko tu kimechubuka.

Nikakiri. Akanikumbatia: "Bibi, ulinitakia mema." Mwashi akaniletea kiti.

Nabandika chai. Jana ulikuja, njoo na leo.