Albania Bila Dua ya Mama

Jumapili, baada ya isha

Tangu turudi jana na kushuka uwanja wa ndege sijatulia. Siku nne nzuri Albania, mimi na binti yangu Zuhura, na mama yangu kule Tanga hana habari.

Sijawahi kusafiri bila kumuaga mama, anisomee dua. Safari hii niliogopa angeuliza, "Likizo unayo, mbona huji kwetu?" Mwaka wa tatu sasa sijamwona.

Sokoni huko Albania bibi mmoja mwenye mtandio alinijaza tini mikononi, akanishika shavu kama mama anavyonishika. Nikalia pale pale. Zuhura na Kiingereza chake: "Mama, ni matunda tu haya!"

Leo nikiwa kwenye basi mama akapiga. "Siku nne hupatikani, mwanangu?"

"Kazi, mama." Astaghfirullah, neno lilinitoka tu.

"Pole. Kila alfajiri namwomba Mungu akupumzishe."

Kituo changu cha Peckham kikanipita, sikushuka.

Sasa hivi nimemtumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mama. Maumivu ya miguu yanaendeleaje? Sikuwa kazini, nilikwenda kutembea. Nisamehe. Nijibu mapema, hata kama ni kunigombeza."