Kifuniko cha Kumi na Tisa

Shangazi Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana nimeianza mara nne, na mara zote nne nimeichana nilipofika pale pa mtoto.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja, nafundisha watoto wa miaka mitano, na sijisifu lakini kwa hesabu watoto wangu hawashikiki, kwa sababu mimi siwaimbishi moja mpaka mia kama kasuku halafu ukimwambia mtoto akupe penseli nne anakuletea kopo zima, hapana, kwangu namba inashikwa mkononi kwanza, tunahesabu ngazi tukipanda, tunafunga vijiti kumi kumi kwa mpira, na tuna mchezo wetu wa kitambaa, ambamo naweka vifuniko vitano vya chupa mezani, watoto wanafumba macho, nafunika baadhi kwa kitambaa, wakifumbua wanaona viwili tu na lazima waniambie chini yake vimo vingapi, na siku zote nawaambia, "Kisichoonekana hakijapotea, kipo, wewe fikiri tu," wakipatia nafunua na tunapiga makofi.

Hata mahudhurio tunayachukua kwa vifuniko. Kila mtoto ana chake nilichokichora kwa rangi ya kucha, akifika anakitoa kwenye kikapu cha mlangoni na kukiweka kwenye trei za mayai, trei mbili nilizozikata zibaki na vishimo kumi kumi, nasi tulikuwa kumi na tisa, kwa hiyo tukitimia kinabaki kishimo kimoja kitupu, na hata yule mzito kuliko wote akitupa jicho anajua leo tumetimia au hatujatimia. Kisha trei zinakwenda jikoni, mpishi hana haja ya kuja kuhesabu vichwa, anaangalia vifuniko na kumimina maziwa, kifuniko kimoja kikombe kimoja.

Wiki sita zilizopita mmoja wao alifariki. Tulimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Homa ilimpanda siku ya Jumanne, akapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, Alhamisi alfajiri hayupo, na hospitali walisema ni homa ya uti wa mgongo.

Tulipotoka mazikoni na kurudi darasani, trei zilikuwa na vishimo viwili vitupu. Jirani yake wa mezani ni msichana tunayemwita Karani, maana hakigawiwi kitu darasani mwangu bila yeye kukihesabu upya. Akaziangalia zile trei, akaniuliza, "Mwalimu, Kidoti yuko wapi?" Nikasema, "Yupo, ila hatumwoni." Akafikiri kidogo, akasema, "Kama vile vya kitambaa?" Nikasema ndiyo. Shangazi, nilisema ndiyo.

Kesho yake Karani akaweka kifuniko chake, akarudi kikapuni akachukua na cha Kidoti, cha kijani chenye nyota iliyopinda, akakiweka kwenye trei, nami nikaona, nikageuka kufuta ubao uliokuwa safi. Mpishi akamimina vikombe kumi na tisa. Na mimi, ili mambo yaoane, nikaandika kwenye daftari la mahudhurio kwamba Kidoti amefika. Ikawa hivyo kila siku, kikombe kinawekwa mahali pake, maziwa yanapoa yanafanya utando, mpishi anayamwaga, na siku aliponiuliza, "Mwalimu, hiki cha nani?" nikamwambia, "Wewe mimina tu."

Wiki ya tatu mama yake akaja kuchukua sweta lililobaki kwenye msumari. Alitukuta kwenye maziwa. Akakiona kile kikombe kisicho na mtu, akawauliza watoto ni cha nani, na Karani akamjibu bila wasiwasi, "Cha Kidoti. Mwalimu bado hajafunua." Yule mama alikaa kwenye kile kiti kidogo, magoti juu, akakishika kikombe kwa mikono miwili mpaka kikapoa, na tangu siku hiyo anakuja kila siku saa nne kasoro. Yeye ni fundi cherehani, mumewe ameniambia cherehani haijafunuliwa tangu msiba, wateja wamechukua vitambaa vyao wamekwenda kwingine, nyumbani hali chakula wala hazungumzi, anasubiri saa nne tu. Akifika ananiuliza kwa sauti ya chini, "Leo wamemhesabu?" Nami namjibu wamemhesabu.

Sasa mwalimu mkuu ameligundua daftari. Amenipa mpaka Ijumaa ijayo, kifuniko kitoke na mlinzi asimfungulie tena yule mama geti. Nilipomgusia mama, alinishika mkono akasema, "Mwalimu, usimtoe kwenye hesabu. Ni hapa tu ambapo bado anahesabiwa." Nikikitoa naona kama ninamzika mara ya pili, nikikiacha nafukuzwa kazi, na Karani ameacha kucheza mchezo wa kitambaa, anakaa tu ananitazama mkono.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Ile Jumanne Kidoti alikuwa anahesabu vifuniko, alipofika saba kikamponyoka, akaanza upya, kikamponyoka tena, akasema, "Mwalimu, kichwa," mimi nikadhani ni uvivu wake, nikamwambia, "Maliza kwanza ndipo ulale." Alimaliza, Shangazi. Alifika kumi na tisa, akalala juu ya meza, na nilipomgusa alikuwa anachemka. Zilikuwa kama dakika kumi. Mama yake hajui. Nifanye nini?

Mimi, Mwalimu wa Vifuniko.

*

Mwanangu Mwalimu wa Vifuniko,

Marahaba. Pole, na pole ya pili, kwa sababu ulizika mtoto bila kupata nafasi ya kuwa mfiwa. Mama alilia, baba alilia, wewe kesho yake ulikuwa na watoto kumi na wanane wanaotaka kufungwa kamba za viatu. Hilo nimeliona, na ndiyo maana nitakugombeza taratibu kuliko kawaida yangu.

Lakini nitakugombeza. Umewafundisha watoto kanuni moja tu, nayo ni nzuri: kifuniko kimoja, mtoto mmoja. Wamekuamini. Halafu siku kanuni ilipokuuma, ukageuka kufuta ubao msafi. Karani hakukosea hesabu hata kidogo. Ulimwambia cha chini ya kitambaa kipo, ulimwambia Kidoti ni kama wa chini ya kitambaa, basi naye anangoja ufunue. Mtoto wa miaka mitano anakutazama mkono wiki sita akijiuliza mwalimu anamficha rafiki yake kwa nini. Hilo linipe ruhusa ya kukukasirikia, walau kwa mistari hii miwili.

Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye meza ya maziwa. Ulitaka kumpa yule mama faraja, ukampa kiti cha mtoto na kikombe kilichopoa. Anaacha kazi, anaacha mume, anaacha kula, anakuja kusikia neno moja kutoka kwako, nalo si la kweli. Mwalimu mkuu naye anataka kulitibu jambo hili kwa geti. Mfiwa hafungiwi geti. Mwambie hivyo, na umwambie Shangazi ndiye aliyesema.

Sasa hizo dakika kumi. Mimi si daktari, siwezi kukuapia kwamba hazikuwa na uzito wowote. Najua tu kwamba mtoto alifika hospitali Jumanne hiyo hiyo, na wenye kazi yao walikuwa naye siku mbili wakashindwa. Wewe uliona mtoto anaangusha kifuniko. Walimu wote huona hivyo kila siku, na karibu kila siku huwa ni uvivu kweli. Ila nakuambia jambo ambalo nadhani unalijua tayari: kile kifuniko hakimo kwenye trei kwa ajili ya Karani wala kwa ajili ya mama. Kimo kwa ajili yako. Kikiwemo, Kidoti bado hajamaliza kuhesabu, na wewe bado hujamwambia amalize kwanza.

Basi sikiliza, na ufuate mpangilio, usiniparamie ya mwisho kabla ya ya kwanza.

Anza na mama, na uende kwake, usimngoje aje. Nenda Jumamosi. Mwambie kuanzia Jumatatu darasa litahesabu waliopo. Halafu mwambie habari za ile Jumanne, yote, saba na kuponyoka na "Mwalimu, kichwa." Saa za mwisho za mtoto wake darasani ni mali yake, nawe umezikalia wiki sita. Huenda akakufukuza. Ukifukuzwa, ondoka kwa adabu. Na usimwombe msamaha siku hiyo hiyo, maana ukimwomba unampa kazi nyingine ya kukubeba wewe, na mgongo wake umejaa. Mwambie tu pole na kwamba ulikosea. Mwambie mumewe, na dada yake kama anaye, wahakikishe saa nne kasoro ya kila siku hakai peke yake, na kama mwezi ukipita bado hali, wampeleke kwa wanaojua kutibu majonzi. Hayo hayaishi kwa barua.

Jumapili andika maelezo kwa mkono wako, siku baada ya siku ulizoandika uongo kwenye daftari, na Jumatatu asubuhi umkabidhi mwalimu mkuu kabla hajakuita. Pengine utaadhibiwa. Stahimili.

Kisha ingia darasani, kaa chini mkekani pamoja nao, na uliseme neno lenyewe: Kidoti amekufa. Usiseme amelala, watoto wataogopa kulala. Usiseme amesafiri, watakaa wanangoja zawadi. Sema mwili wake uliacha kufanya kazi, hapumui, hana maumivu, na hatarudi. Sema, "Nilisema ni kama kitambaa. Nilikosea." Najua mwalimu kukiri kosa mbele ya watoto ni kama kumeza mwiba. Umeze. Lete kitambaa chenyewe, kunja mbele yao, weka pembeni. Watauliza maswali ya ajabu, kama anasikia baridi na nani atachukua penseli zake. Jibu unayoyajua, usiyoyajua sema hujui.

Kuhusu kifuniko cha kijani, usikitupe na usikifungie kabatini. Mwambie Karani akishike, kwa kuwa yeye ndiye aliyekitunza kwa uaminifu wakati wewe ulikimbia, na umwambie hivyo mbele ya wenzake. Mama akiwa tayari, siku hiyo au baada ya mwaka, Karani atampa mkononi. Asipokitaka, kibaki kwenye dirisha lenu mahali watoto wanaweza kukigusa. Mtu akitoka kwenye hesabu hajatoka kwenye majina, na hata mtoto mdogo analielewa hilo ukimwambia vizuri.

Halafu rudini kwenye trei. Usiruke hatua hii kwa sababu ya uchungu, ndiyo kazi yako. Kila mmoja aweke chake. Vishimo viwili vitabaki vitupu, na wataviona, kwa sababu umewafundisha kuona. Waache waguse ndani kwa kidole. Umewafundisha moja, umewafundisha tano na kumi, lakini kishimo kitupu hukuwahi kuwafundisha, wala wewe hukuwahi kufundishwa.

Karani atahesabu upya, namjua bila kumwona. Atafika kumi na nane atasita, atakutazama wewe. Usimsaidie, na usigeukie ubao. Akitamka kumi na nane, itikia kwa kichwa kwamba ndivyo, umpe trei azipeleke jikoni, kisha nendeni nyote mkakae mezani, mpishi amimine vikombe kumi na vinane, na wewe ukae nao mpaka vyote viishe.

Shangazi yako.