Chandarua cha Mama Zaka

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, ziwa halionekani kwa ukungu, na mimi sijatoka ndani tangu niliporudi kutoka sokoni Kibirizi. Moyo mzito. Leo nimemdanganya mama wa watu, tena mchana kweupe.

Nilikwenda kununua dagaa. Nikamkuta Mama Zaka anaanua wake mbiombio kwa ajili ya mvua, nikamsaidia. Akaniambia jina lake limetoka. Jumatatu anapanda gari la wakimbizi wanaorudi Burundi, anakwenda kuishi kwa Zaka.

Zaka alikuwa rafiki yangu. Walivuka ziwa kwa mtumbwi wakati wa vita, wakapata chumba cha uani kwetu Bangwe: yeye, mama yake, na mdogo wake Keza, kitoto kichanga. Masika ziwa lilikuwa likijaa na kurudi, linaacha madimbwi nyuma ya matete, na samaki wanabaki humo. Zaka, Shabani wa nyumba ya jirani na mimi tulishinda huko na ndoano zetu za pini. Tulipata perege wadogo wadogo, tukawachoma papo hapo na kugombania vichwa. Sijapata tena furaha ya namna ile. Ndiyo maana inaniuma kuikumbuka.

Siku moja tukamwona kambare mkubwa, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Ndoano zetu alikuwa anazipinda tu. Mimi ndiye niliyesema, "Zaka, si mna chandarua?" Kilikuwa kipya, mama yake alipewa kliniki kwa ajili ya Keza. Zaka akasita. Nikamwita mwoga, Shabani akacheka, basi Zaka akaenda kukileta.

Kambare tulimpata. Chandarua kilinasa kwenye kisiki, kikachanika vibaya. Tulikifua, Zaka akakitundika, palipochanika pakielekea ukutani.

Wiki mbili baadaye Keza alishikwa na homa, kisha degedege. Hakumaliza siku tatu.

Baada ya mazishi mama yake aliliona tundu. Akakinusa kile chandarua, bado kilikuwa na shombo ya samaki. Alimchapa Zaka pale uani huku yeye mwenyewe akilia, akimwita muuaji. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nasikia kila kitu. Zaka hakunitaja. Mwezi uleule akapelekwa kambini kwa mjomba wake, na sikumwona tena.

Najua, mbu huuma hata nje, jioni, watu wakiwa wanakula. Najua tulikuwa watoto. Nimejiambia hayo miaka yote na hayajanisaidia kitu.

Leo mama yake alikaa juu ya gunia, akaniuliza taratibu, "Mwana wanje, mwanangu, ninyi mlikuwa pamoja kila siku. Zaka alikitwaa kile chandarua kwa nini? Namuuliza kwenye simu, ananyamaza. Naenda kulishwa na mtoto niliyemwita muuaji, sijui hata nianzie wapi."

"Sikumbuki, mama."

Ndivyo nilivyojibu, mimi baba wa watoto wawili. Akaitikia kwa kichwa, akanipimia dagaa, akaniongezea na viganja viwili vya bure. Nikapokea, nikashukuru.

Ninachotakiwa kumwambia ni maneno machache tu: mimi ndiye niliyemtuma. Nimeyajaribu hapa chumbani peke yangu. Zaka alikuwa na miaka kumi alipoamua kunificha. Mama yake akiyasikia haya huenda akanichukia, na ana haki, lakini ataingia nyumbani kwa mwanawe akiwa na neno la kuanzia.

Kesho Jumapili. Ibada ikiisha nitamngoja nje ya kanisa lake. Nikikimbia na kesho, nitakuwa nimemwacha Zaka achapwe mara ya pili, na safari hii siwezi kusema nilikuwa mtoto.