Shah Aliyepinduliwa kwa Adabu

Yazd, 3 mwezi wa Dei

Dada yangu Golnesa,

Salamu nyingi. Magoti yanaendeleaje na baridi? Moyo wangu unadunda ukipenda. Daktari kasema nisijipangie mambo ya Nouruzi, mwaka mpya sitaufikia.

Basi juzi niliwakusanya wote kwenye meza ya makaa, miguu chini ya mablanketi, nikasema, "Sistahili tena kuitawala nyumba hii. Mwingine ashike." Adabu yetu unaijua: hapo watu hulia, hukataa mara tatu, nawe unabaki kwenye kiti shingo upande. Mkwe wangu Siavash akasema, "Sawa, baba," akajimiminia chai.

Maisha yangu yote nimefundisha historia. Wafalme wetu walipinduliwa kwa sumu, kwa mishale, na wajomba zao. Kwa adabu, nadhani ni mimi wa kwanza.

Mdogo wako,
Fathollah

Shiraz, 11 Dei

Mdogo wangu,

Magoti ni yaleyale, ahsante. Nimecheka hadi meno yakaangukia kwenye supu. Nani alikutuma umfanyie adabu mtu wa Teherani? Na anatawalaje? Usinifiche, wewe ukianza kunisimulia wafalme, kuna jambo umelikalia.

Dada yako,
Golnesa

Yazd, 27 Dei

Dada yangu,

Salamu. Naandika nimelala, barua nampa dereva wa basi, posta itachelewa.

Siavash alianza kama mfalme Dario. Aliigawa nyumba majimbo, kila pembe ya ua na liwali wake. Badri, mke wangu mwenyewe, akawa jicho la mfalme, akiripoti nani kamaliza maji ya moto. Alipowapimia wanawake mchele, wakafanya kama babu zetu walipohamia ubalozi wa Waingereza kudai katiba: wakahamia kwa jirani na masufuria yao. Kesho yake Siavash, tumbo tupu, akatia saini katiba yao. Sasa tuna bunge. Limeshinda kutwa likijadili kama supu itiwe mnanaa.

Lakini umenijua. Binti yangu Mahin ametoa hoja nihamishiwe hospitali Teherani. Kura ni Ijumaa. Waliponiuliza nikajibu, "Mtakavyo, wanangu, nisiwasumbue." Badala ya kunibembeleza, wakaandika.

Nakiri kwako tu kabla sijafa: naogopa. Sitaki kufia ndani ya lifti, kati ya watu wasiojua jina la baba yetu. Nataka chumba changu na dirisha lake la uani. Niliwafundisha vijana kwamba hakuna utawala bora kuliko bunge. Leo nimehesabu kura, nikatamani dikteta.

Mdogo wako,
Fathollah

Shiraz, 29 Dei

Mdogo wangu,

Sina nafasi ya salamu. Barua hii inakuja na basi la asubuhi, mimi naja na la mchana.

Mwambie Siavash bunge limevunjwa. Akiuliza kwa sheria gani, mwambie mzaliwa wa kwanza wa nyumba hiyo ni mimi. Mahin asilie, kama daktari wa Teherani ni bingwa hivyo, apande basi aje yeye. Godoro langu litandikwe mlangoni pa chumba chako. Atakayetaka kukutoa atanivuka mimi na magoti yangu.

Kufa utakufa, Fathollah, na utafia chumbani mwako. Lakini ungoje nifike. Hiyo ni amri.

Dada yako,
Golnesa