Kwa Fanwell, Aliyeishi Miaka Kumi na Paka Aliyemtoa Machozi

Umetimia mwaka, Fanwell, tangu Jumamosi ile ya tarehe 20 Juni 1998 ulipofumba macho na kutuachia watoto wawili, nyumba ya vyumba vitatu, nyavu kumi na nne na paka mmoja. Malaria ilikupanda kichwani Jumanne, Jumamosi hukuwepo. Nesi wa kliniki ya Kafutuma aliandika hivyo kwa mkono wake, na karatasi tunayo. Tunaitaja mapema kwa sababu wapo wasiotaka kuisoma.

Tunakuandikia kwa Kiswahili, ingawa mama yako na ndugu zako ni watu wa Kibemba, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya nyumba yako. Emilienne alivuka ziwa kutoka Kilwa, upande wa Kongo, akiwa na vitenge na sabuni za kuuza, akitafuta chisense, wale dagaa wetu wa Mweru. Wewe Kiswahili chako kilikuwa cha sokoni tu: bei, mzigo, kesho, hapana. Mlibishana bei ya chisense msimu mzima, na msimu ulipokwisha mkaoana. Watu wa bandarini walisema umepata mke kwa kushindwa kupunguziwa.

Alikuja kwako na sufuria mbili, cherehani, na kikapu kilichokuwa kikilia. Ndani ya kikapu alikuwamo paka wake, Duane. Emilienne alimpa jina la watu wa forodha kwa Kifaransa cha kwao, maana hakuna mzigo wa samaki uliopita mlangoni bila yeye kuukagua na kuchukua fungu lake. Siku ya kwanza ulimshika, ukamsifu, na kabla hujamweka chini ulikuwa umeshapiga chafya saba. Jioni macho yako yalikuwa yamevimba, na kifua kinatoa mluzi.

Nesi alikueleza kwamba ni mzio, kwamba mwili wako haupatani na manyoya ya paka, na dawa yake ni moja tu: paka atoke. Emilienne alikuwa amesimama nyuma yako na moyo wake mkononi. Ukasema, na hadi leo kliniki wanalisimulia, "Nesi, mutu hawezi kuacha bibi yake sababu mukwe iko na maneno mingi. Nitazoea."

Hukuzoea. Miaka kumi hukuzoea hata siku moja. Ulikaa barazani na uzi wa nyavu umeuzungusha kwenye kidole gumba cha mguu, sindano ya mti mkononi, leso begani, ukishona na kupiga chafya, ukishona na kupiga chafya. Wanawake wa kisimani walijua uko nyumbani au umesafiri kwa kusikiliza tu. Na bado jioni ulimtengea Duane vichwa vya samaki kwenye kifuniko cha sufuria, ukamwambia pole kwa kuchelewa.

Emilienne alikuja kujua sababu baadaye sana, alipokusikia ukimjibu dada yako Eness. Eness alikuuliza unajitesa kwa nini. Ulisema mke wako hapa ugenini hana mtu wa kuongea naye lugha yake ila yule paka, na kwamba wewe mwenyewe Kiswahili chako umekipata kwa kukaa nje ya dirisha ukiwasikiliza. Emilienne alirudi jikoni akalia juu ya kitunguu ambacho hakikuwa kimekatwa.

Hayo ndiyo tungependa kuyaandika peke yake. Lakini mwaka huu haukutuacha tukukumbuke kwa upole. Mwenye kovu usidhani kapoa, na Emilienne kovu lake lina jina. Jina hilo ni Mpundu, pacha wako.

Mlitoka tumbo moja, siku moja, hata mama yenu watu humwita Nampundu, mama wa mapacha, na wengi wamesahau kwamba jina lake ni Rosaria. Kaburi lako lilikuwa bado na udongo mbichi Mpundu aliposimama mbele ya watu wote akasema, "Mwe bantu, ndugu yangu hakukufa na malaria. Ile paka ya Kongo ilikuwa inamukula pole pole. Miaka kumi alikuwa analia machozi, na ninyi munacheka tu. Muulize ule mwanamuke alimulisha nini." Watu walimgeukia Emilienne. Alikuwa amewashika watoto wenu, Bénie mkono wa kulia na Mwenya mkono wa kushoto, hakuwa na mkono wa kujifuta uso.

Ulimi hauna mfupa, lakini ule wa Mpundu siku hiyo ulivunja mifupa ya watu. Ndani ya wiki mbili chisense za Emilienne zilikauka hadi zikawa vumbi, maana hakuna aliyenunua. Shuleni Bénie alihamishiwa dawati la peke yake. Kurudi kwao Emilienne hakuweza: Agosti vita vilianza ng'ambo, na watu wa Kilwa ndio waliokuwa wakivuka kuja kwetu. Alibaki hapa, na neno la Mpundu limemkalia kichwani kama mzigo asioutua.

Kabla ya hapo, kwenye kilio chako, lilitokea jambo ambalo ni Emilienne peke yake aliyeliona. Mpundu alikaa kwenye kiti chako barazani, kile Duane alichokuwa akilalia mchana. Hazikupita dakika kumi akapiga chafya. Akapiga ya pili. Emilienne alikuwa anapita na beseni la maji. Alisimama akahesabu mpaka kumi na moja. Mpundu alifuta macho akasema roho ya ndugu yake inamsumbua kwa sababu ya uchawi wa humo ndani. Emilienne aliyekufutia pua miaka kumi aliijua chafya hiyo. Aliweka beseni chini, hesabu akaiweka moyoni.

Oktoba ukoo ulikutana kuanua matanga na kumkalisha mtu kwenye jina lako, awe mrithi wako. Ilijulikana atakuwa Mpundu, na Emilienne hakupinga. Pacha akirithi jina la pacha hakuna wa kuuliza. Alichoomba ni nyumba, alee watoto wako humo. Mjomba wenu Rodwell, ambaye akipewa kikao hukivaa kama koti jipya, alikuwa amekwisha kunywa pombe ya Mpundu tangu asubuhi. Akasimama mbele ya mkeka akapiga makofi ya heshima, akasema kwa Kiswahili ili yule mgeni asije kudai hakuelewa: "Mwenye kukamata jina anakamata vyote biko chini ya paa. Hata kijiko hakibaki. Na hakuna kuuza, hakuna kutupa, hakuna kuua hata kuku mupaka mwaka igeuke. Akikataa kimoja, amekataa jina."

Ile ya kutouza na kutoua ilikuwa imetungwa kumbana Emilienne, asije akauza cherehani au kuchinja kuku usiku mmoja kabla ya kutoka. Emilienne akapiga magoti, kama mke wa mtu anavyopaswa.

"Mujomba," akasema, "umesema byote?"

"Byote."

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko, mama. Si umesikia?"

"Nimesikia. Ni hawa bantu nataka basikie."

Akaingia ndani. Akatoka na Duane kwenye kitenge, mnene, mzee, amekasirika kuamshwa, akamweka kwenye mapaja ya Mpundu juu ya mkeka.

"Basi kamata na hii. Fanwell alimulisha miaka kumi. Iko chini ya paa."

Mpundu aliruka kama amekalia kaa la moto. "Awe! Mulamu, shemeji, hiyo hapana! Hiyo ni ya bulozi!"

"Ukiacha paka umeacha jina. Si miye nasema, ni mujomba."

Fanwell, ungekuwepo ungecheka mpaka ushike ukuta. Rodwell alinaswa na kinywa chake. Watu mia moja walikuwa wamemsikia, na nusu yao ni wafanyabiashara ambao neno la mtu hawalisahau. Alitazama chungu cha pombe, akamtazama Mpundu, akasema kwa sauti ndogo, "Paka nayo." Mchimba kisima huingia mwenyewe, na siku ile tuliwaona wawili wakiingia kwa pamoja.

Emilienne na watoto walihamia kwa Eness, vyumba viwili nyuma ya ofisi za halmashauri. Mpundu akaingia kwako na kufunga mlango. Tusikudanganye, wewe hukupenda uongo: Emilienne alifurahi. Kila asubuhi akienda ziwani alipita njia ya kwako ingawa ni ndefu, tena alipita taratibu. Alisikia chafya ya kwanza akiwa kwenye mti wa mpera na ya mwisho akiwa amefika barabara ya Mansa. Alikuwa amemwachia Mpundu kila kitanda, kila blanketi, kila wavu Duane alioulalia miaka kumi, wala hakukung'uta kimoja. Na ili paka asije kumfuata, alimpelekea vichwa vya samaki vilivyonona, akamwekea chini ya dirisha la chumba cha kulala. Nampundu alimkuta akifanya hivyo siku moja. Alimtazama, akaendelea na safari yake.

Eness alimwambia, "Mulamu, utamuua mutu."

"Fanwell alikufa sababu ya chafya?"

"Hapana."

"Basi. Yeye alisema malaria haiuwi, paka ndio inaua. Angojee aone."

Wewe uliweza miaka kumi. Pacha wako, mwenye pua ileile na kifua kilekile, aliweza siku kumi na tisa. Ukipenda boga penda na ua lake. Yeye boga hakulipenda, alilitaka tu. Siku ya ishirini, saa tatu za asubuhi, alifika mlangoni kwa Eness na macho mawili yaliyovimba hadi hayafunguki, akipapasa ukuta. Akaweka ufunguo kwenye kizingiti.

"Mulamu, kamata nyumba yako. Nyavu na zenyewe ziko mule. Na jina watapa mungine."

Emilienne hakuinama kuuokota. "Na neno?"

"Neno gani?"

"Ile ulisema ku kaburi. Irudishe vile uliitoa, mbele ya bantu."

Hapo, Fanwell, ndipo tulipomjua nduguyo. Alikuwa amekwisha kushindwa, hana tena cha kupoteza ila kiburi. Emilienne alikuwa tayari kumpa kiti, maji ya kunawa uso, hata uji. Mpundu alipiga chafya, akajifuta kwa kiganja, akasema, "Ile nyumba iko moto. Kila mutu anajua sababu yake." Akaondoka. Kufikia mchana bandari nzima ilikuwa na habari kwamba uchawi wa mjane umemshinda hata pacha.

Kwa hiyo nyumba tumerudishiwa, lakini neno limebaki nje linatembea. Emilienne anashona nguo za watu wa Mwansabombwe, kwa sababu wa hapa bado wanaogopa kuvaa mshono wake. Bénie angali kwenye dawati lake. Mwenya, ambaye ana miaka sita, ameanza kupiga chafya akimbeba Duane, na Emilienne akimsikia hukimbia na leso, akasimama mlangoni kwanza, akisikiliza kwa macho yaliyofumbwa.

Wiki iliyopita, tulipokaa kuandika karatasi hii, mama yako alikuja na fimbo yake. Hajui kusoma, lakini anajua kwamba majina huwekwa mwishoni. Alisema tangu awazae hajawahi kutaja mmoja bila mwingine, hata akiwaita kula, hata akiwachapa. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba Mpundu awemo kati ya wanaokukumbuka. "Mayo, mama, nimebaki na mumoja," alimwambia Emilienne. "Usimutoe na kwenye karatasi."

Eness alishika kalamu akangoja. Emilienne aliuchochea mkaa jikoni hadi ukafa. Anampenda mama yako. Mbali na Eness, ndiye pekee aliyekula mkononi mwake mwaka mzima bila kuuliza chakula kimetoka wapi. Mwisho alikichukua kidole cha mama, akakiweka kwenye karatasi, pembeni ya jina la Eness, mahali peupe.

"Hapa, mama."

"Hapa?"

"Hapa ndio Mpundu."

Mama yako alipapasa mahali pale mara mbili, akashukuru, akaondoka ametulia.

Karatasi hii tunaibandika kwenye ukuta wa soko la samaki, Nchelenge, ili kila apitaye aisome. Mpundu anajua kusoma. Kalamu iko kwa Emilienne na nafasi ile ni pana. Siku atakayosimama hapa sokoni mchana na kurudisha neno lake, jina lake litaandikwa siku hiyohiyo. Kabla ya hapo, hapana, hata akija na machozi ya kweli.

Nanyi mnaosoma, tunawaomba jambo moja. Nampundu huja sokoni Jumatano na Jumamosi, na atamwomba yeyote amsomee majina. Msomeeni la Mpundu pale kidole chake kitakapoonyesha.

Wanaokukumbuka: Rosaria, mama yako. Emilienne, mkeo. Bénie na Mwenya, watoto wako. Eness, dada yako. Hao ndio wote.

Kukusahau, Fanwell, hatutakusahau siku zote tutakazopewa.